Nukta Mbili za Mkufunzi

Hadhirina mlioketi Jumamosi katika lile darasa la takwimu la ghorofani, karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mliyaona kama nilivyoyaona, kwa hiyo mambo ya mwanzo nayapita: data ilisafishwa vema, na kazi ilihamishwa kutoka Excel hadi R bila taksiri. Taksiri ilianza pale sensa ya 2022 ilipoondolewa.

Azma ya mkufunzi ilikuwa kukisia idadi ya watu wa Dar es Salaam mwaka 2030. Naye, ilhali mbele yake zilikuwapo sensa zote tangu ile ya 1967, akazishika mbili tu, ya 2002, mkoa ulipokuwa na watu takriban milioni 2.5, na ya 2012, ulipofikia 4,364,541, akaitupa ile ya mwisho kwa hoja kwamba inaharibu mwelekeo, kisha akachora mkunjo wa ukuaji wa asilimia ileile kila mwaka, akatutangazia kwa fahari kuwa R², kipimo cha jinsi mkunjo unavyoifuata data, ni 1, na kuurefusha hadi karibu milioni 12. Wallahi, mkunjo wa namna ile ukipewa nukta mbili hauna budi kuzipitia zote mbili, na hiyo 1 haishuhudii chochote. Lau angaliusimamisha mkunjo wake mwaka 2022, ungalimpa watu zaidi ya milioni 7.6, ilhali makarani na vishikwambi vyao walihesabu 5,383,728. Tofauti hiyo, inayopita milioni 2, ndiyo iliyokuwa somo lenyewe, naye akaifuta kwa kitufe kimoja.

Na sababu za tofauti hiyo ziko chini ya dirisha la darasa. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zilizokuwa na familia kila chumba, zimegeuka maghorofa ya maduka na maghala; na karani wa sensa huuliza nani kalala hapa, haulizi nani kauza hapa. Wauzaji hao aghalabu hulala Chanika na Mbagala, au huvuka mpaka hadi mkoa wa Pwani, ambao katika muongo wa 2012 hadi 2022 ulikua kwa asilimia 6.1 kwa mwaka, Dar es Salaam ikiteremka kutoka 5.6 hadi 2.1.

Tahadhari hii si ngeni: Bertil Egerö na Roushdi Henin, waliohariri uchambuzi wa sensa ya 1967 uliotolewa mwaka 1973, kabla lahajedwali ya kompyuta ya mezani haijazaliwa, waliishuku namba kwanza ndipo wakaitumia. Vijana wetu, na SPSS zao za wizi katika flashi, hushuku programu pale tu inapogoma kufunguka.

Ama ile chati duara ya pande tatu ya manispaa za Dar es Salaam aliyofungia kipindi, aina hiyo nimekwisha kuilalamikia katika safu hii hata mhariri amechoka: Ubungo yenye watu 1,086,912 ilionekana kubwa kuliko Temeke yenye 1,346,674, kwa kuwa tu kipande chake kiliwekwa mbele.