Picha ya Neva Haipimi Kuona

Kati ya Januari 2013 na Machi 2014, watu 1,460 wa Nakuru waliotimiza miaka 55 na zaidi walipigwa picha za nyuma ya jicho kwa njia mbili: kwa kamera ya mezani, ile ya kliniki, na kwa simu iliyovishwa kifaa kidogo cha lenzi kiitwacho Peek Retina. Wote walitiwa dawa ya kupanua mboni. Picha zikapelekwa kwa wasomaji wa hospitali ya Moorfields, London, nao wakapima ukubwa wa kishimo kilicho katikati ya kichwa cha neva ya jicho. Kishimo hicho kikizidi kupanuka, daktari huanza kushuku glakoma, au presha ya macho kama tulivyozoea kuiita. Ulinganifu wa kamera hizo mbili ulipata alama 0.69 kwenye kipimo ambacho 1 ndiyo ukamilifu, na tofauti ya wastani ilikuwa 0.02 tu. Kilichowavutia wengi zaidi ni kwamba mpiga picha asiye na mafunzo yoyote ya tiba alileta picha zinazolingana na za fundi mzoefu.

Kazi hiyo ilistahili sifa ilizopata. Lakini tukiitazama kwa jicho la ufundi, ililinganisha picha na picha. Ilijibu kama simu inaweza kuona kile ambacho kamera kubwa inaona. Je, mwenye jicho lile anaona nini? Hapo kamera haina la kusema, iwe ya simu au ya mezani.

Msingi wa yote ulijengwa mapema, mwaka 2007 na 2008, chini ya Dkt. Wanjiku Mathenge. Katika Wilaya ya Nakuru, kabla haijawa kaunti, yalichaguliwa maeneo 100, kila eneo watu 50 wenye umri wa miaka 50 kwenda juu. Waliostahili walikuwa 5,010 na waliopimwa wakafika 4,414, yaani asilimia 88.1. Si haba, ukikumbuka kwamba katikati ya kipindi hicho yalitokea machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kundi la Andrew Bastawrous, lile lile la picha za simu, liliporudi miaka sita baadaye liliwapima tena watu 2,171, takriban nusu.

Utafiti ule wa kwanza ulitoa takwimu ambazo hatukuwa nazo. Wenye kisukari walikuwa 287. Kati yao 277 walichunguzwa retina, na picha zikaonyesha kwamba asilimia 35.9 wameathirika. Dalili za mwanzo za kuchakaa kwa makula, ile sehemu ya retina tunayosomea, zilikutwa kwa asilimia 11.2 ya waliopigwa picha zinazosomeka. Kwa magonjwa haya mawili picha inatosha kwa sehemu kubwa, maana damu iliyovuja huonekana na mafuta yaliyoganda huonekana. Kwenye glakoma mambo ni tofauti. Kishimo kikubwa chaweza kuwa maumbile tu ya mtu aliyezaliwa na neva kubwa, na kishimo cha wastani chaweza kuwa cha mtu aliyekwisha kupoteza nyuzi nyingi za neva.

Ndiyo sababu wataalamu wanataka kipimo cha pili, cha upana wa kuona. Mgonjwa hufunikwa jicho moja, huweka kidevu kwenye mashine yenye bakuli jeupe, na hutakiwa kukazia macho nukta ya katikati bila kuyahamisha. Vinukta vya mwanga huwaka hapa na pale, naye hubonyeza kitufe kila anapokiona kimoja. Mpango unaotumika zaidi kwenye mashine za Humphrey, unaoitwa 24-2, una nukta 54 zilizoachana kwa nyuzi 6 za pembe. Mwanga ukionekana, mashine inaupunguza, usipoonekana inauongeza, mpaka ifike pale ambapo jicho linauona kwa shida. Kiwango hicho huandikwa kwa desibeli, na sifuri maana yake ni kwamba hata mwanga mkali kuliko wote mashine iliyo nao haukuonekana mahali pale. Zamani zoezi hili lilichosha kupita kiasi. Miaka ya 1990 wataalamu wa Sweden, Boel Bengtsson na Anders Heijl wakiwa mbele, walitunga hesabu iitwayo SITA inayokisia jibu linalofuata kutokana na majibu yaliyotangulia, na muda ukashuka hadi dakika chache kwa kila jicho.

Sehemu inayonivutia zaidi ni jinsi mashine inavyomchunguza mjibuji mwenyewe. Kila jicho lina doa lisiloona, nyuzi 15 hivi upande wa sikio, pale neva inapotokea. Mara kwa mara mashine huwasha mwanga hapo hapo. Ukibonyeza, imekunasa, kwani jicho lako lilihama. Mara nyingine inanyamaza bila kuwasha chochote, na ukibonyeza inakuandika mwenye pupa. Aliyechoka naye hajifichi: anajibu vizuri nukta nne za mwanzo, moja kila robo ya bakuli, kisha anasinzia, na karatasi inatoka na visiwa vinne vya kuona vilivyozungukwa na giza. Msomaji asiyejua hili anaweza kumtangazia mtu upofu ambao hana.

Kwa watu wa rika lililopimwa Nakuru kuna tatizo jingine, mtoto wa jicho. Ukungu wake hupunguza mwanga kila mahali, hivyo wastani wa jicho zima hushuka hata kama neva ni nzima. Mashine ina ramani ya pili inayoondoa upungufu huo wa jumla na kubakiza mashimo yaliyo mahali maalumu. Shimo la glakoma lina umbo lake, upinde unaofuata njia ya nyuzi za neva na kukoma ghafla kwenye mstari wa ulalo wa kati. Mgonjwa mwenyewe haoni doa jeusi lolote, kwa kuwa ubongo huziba pengo. Atakachokwambia ni kwamba siku hizi anagonga fremu za milango.

Basi utafiti wa kijijini hufanyaje na mashine inayotaka chumba chenye giza, umeme usiokatika, na mzee aliyeelewa maelekezo? Jibu liliandikwa mwaka 2002 katika kanuni za kutambua glakoma kwenye tafiti za jamii. Mmoja wa waandishi wake, Ralf Buhrmann, alikuwa ameongoza utafiti wa Kongwa, Tanzania, ambako watu wa miaka 40 na zaidi walipimwa upana wa kuona na asilimia 4.16 wakakutwa na glakoma. Kanuni hizo zina ngazi. Kama mtu ana shimo katika upana wa kuona, inatosha kishimo chake cha neva kiwe ndani ya asilimia 2.5 ya juu katika jamii yake. Kama hakuweza kupimwa, kishimo lazima kiwe kwenye nusu asilimia ya juu. Ni ushahidi mkali unaodaiwa kwa sababu shahidi wa pili hayupo. Wenye ugonjwa wa kati, ambao ndio wangefaidi matone mapema, wanaweza kuangukia katikati ya ngazi hizo mbili wasihesabiwe.

Kuna watakaouliza kwa nini tusipime umeme wa retina na kumwacha mzee apumzike. Kipimo hicho kipo. Mgonjwa hukaa gizani dakika 20, kisha mimuliko ya mwanga huamsha mkondo mdogo unaonaswa na elektrodi. Kwa ugonjwa wa kurithi wa retina ni hodari. Lakini katika umbo lake la kawaida kinasikiliza seli zinazopokea mwanga na zile zinazofuata. Glakoma inaua seli za mwisho, zinazotengeneza neva yenyewe, kwa hiyo karatasi inaweza kutoka safi na mgonjwa anazidi kupoteza.

Siku hizi kipimo cha upana wa kuona kimeingia kwenye tableti na miwani ya kompyuta inayovaliwa kichwani. Tatizo la uzito wa mashine litakuwa limetatuliwa. Ugumu wa kumweleza mzee kwa Kikuyu au Kikalenjin kwamba kutoona baadhi ya taa ni sehemu ya mtihani, asijilaumu wala asibahatishe, utabaki kazi ya binadamu aliyeketi kando yake.

Kutoka huku kwetu Kiamunyi hadi mjini Nakuru ni mwendo mfupi kwa matatu za barabara ya Ravine, kwa hiyo mkazi wa huku ana nafuu kuliko wa Kuresoi. Akiambiwa neva yake inatia shaka, aombe kipimo cha upana wa kuona na atunze karatasi ya kila anachopimwa. Cha kwanza mara nyingi huharibiwa na ugeni, na cha pili ndicho huanza kuaminika. Mwaka 2008 wataalamu walipendekeza vipimo sita katika miaka miwili ya mwanzo, ili yule anayepoteza desibeli 2 kwa mwaka agundulike mapema.