Chombo cha Dzombo: Katama Mkangi na Bunilizi ya Kisayansi

Historia ya bunilizi ya kisayansi huko Marekani aghalabu husimuliwa kwa majina ya wahariri. Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926, John W. Campbell alishika uhariri wa Astounding mwaka 1937 na hakuuacha hadi alipofariki mwaka 1971. Wao ndio walioteua, kurekebisha na kulipia hadithi, na kwa njia hiyo mwandishi akajipatia kazi ya kudumu. Riwaya ya Kiswahili ilikua kwa njia nyingine: gazeti la habari, mashindano ya uandishi na, zaidi ya yote, mchapishaji wa vitabu vya shule. Katika mazingira hayo, mtu hawi mtunzi wa bunilizi ya kisayansi kwa ajira. Huifikia akitokea kwingine.

Katama Mkangi aliifikia akitokea katika sosholojia na siasa. Mwanasosholojia huyo wa Pwani ya Kenya, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa Ukiwa mwaka 1975 na Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1986 alitiwa kizuizini na serikali ya Rais Moi bila ya kufikishwa mahakamani. Walenisi ilitoka mwaka 1995. Miaka miwili baadaye aligombea urais kwa tiketi ya Kenya National Congress, akashindwa. Alifariki mwaka 2004.

Ni rahisi kuisoma Walenisi kama istiari ya kisiasa tu, na kukichukulia chombo cha angani kinachombeba Dzombo kuwa pambo. Usomaji huo unaipunja kazi. Chombo hicho kimekusudiwa kumwangamiza mtu aliyewapinga wakubwa. Dzombo haokolewi na mzimu wala malaika. Anafaulu kukimudu, na hukumu inageuka kuwa safari. Katika riwaya ya Zamyatin, Sisi, dola hujenga chombo ili kueneza nira yake angani. Mkangi amepindua mkabala huo: mashine ya dola inaishia mikononi mwa mfungwa. Si haki kudai kuwa riwaya hii ni tawasifu. Hata hivyo, aliyewahi kufungiwa mlango na dola anajua uzito wa kushika usukani.

Udhaifu wa riwaya huonekana baada ya kutua. Katika jamii ya usawa ya Walenisi, wenyeji hueleza na mgeni huuliza. Mhadhiri anamshinda msanii, na msuko unalegea. Huenda mhariri mwenye mkono wa Campbell angedai vitendo zaidi na maelezo machache.

Pamoja na kasoro hiyo, jina lenyewe linabeba hoja: wale ni sisi. Mwanafunzi wa Kirungu, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, ambaye kinywani mwake "wale" huwa "bale", ataitambua fumbo hiyo bila ya kamusi. Yeye amefundishwa sayansi kwa Kifaransa. Walenisi inamwonyesha kuwa mitambo na anga vyaweza kufikiriwa kwa lugha ya sokoni na nyumbani, na kwamba swali la kwanza la bunilizi ya kisayansi si kasi ya chombo, bali ni nani anayekiendesha.