Mishale Miwili kwa Dereva Mmoja

Dereva wa lori anayeshuka Kitonga hana haja ya kutazama saa. Anaisikiliza injini, anazikumbuka kona zilizobaki, anaiacha gia ndogo ilishike gari ili breki zisichemke. Mlima huo wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, katika barabara kuu ya kwenda Mbeya hadi Zambia, una adabu yake: hupandwa polepole na hushukwa polepole zaidi. Aliyewahi kuupita kwa basi, bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili, anajua kuwa kukimbiza gari na bado ukalifikisha salama ni ufundi. Na ufundi mkubwa ukitaka kuenziwa, uenziwe kwa ufundi mwenzake.

Mwaka 2015 kampuni ya Uswisi, Audemars Piguet, ilitoa saa ya mkono yenye jina la Michael Schumacher. Mjerumani huyo alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za langalanga mara 7: mwaka 1994 na 1995, kisha mitano mfululizo kuanzia 2000 hadi 2004. Zilitengenezwa saa 221 tu, kwa kuwa mashindano 221 ndiyo aliyomaliza akiwa na pointi. Bei ya moja ilipita dola 200,000. Kwa fedha hizo mkulima wa nyanya wa Ilula angefanya mengi, na hakuna ubaya kulisema hilo waziwazi. Lakini ni hasara bei ikimzuia mtu kutazama kilichomo ndani.

Vitu vya ukumbusho tunavyo vingi. Kuna kanga za sherehe, kuna vitenge vyenye picha ya kiongozi, kuna saa za ukutani ambazo uso wa rais umewekwa nyuma ya mishale. Vinapendeza na vinatunzwa miaka mingi. Ila saa ya ukutani ikibandikwa picha nyingine huenda vilevile, kwa maana picha na mashine hazijuani. Hata kampuni hiyohiyo ya Uswisi, mwaka 2012, ilimtengenezea Schumacher saa yenye nyota 7 usoni, 2 za buluu na 5 nyekundu, kwa rangi za timu alizozipatia ubingwa. Ni pambo zuri, basi. Ile ya 2015 ni habari nyingine, kwa sababu bingwa mwenyewe aliingia ndani ya mashine.

Tuiangalie kwa karibu. Saa ya kawaida ya kupimia mbio ina mshale mmoja mrefu wa sekunde. Ukibonyeza unaondoka, ukibonyeza tena unasimama. Kazi inakuwa ngumu gari linapomaliza mzunguko wa kwanza na kuingia wa pili bila kupumzika. Ukiusimamisha mshale ili usome, mzunguko mpya umeshaanza na hakuna anayeupima. Ukiurudisha sifuri ili uanze upya papo hapo, namba ya mzunguko uliokwisha imepotea. Saa za mishale miwili zipo tangu zamani, lakini humo mshale uliosimama hukimbia baadaye kumfuata mwenzake na kuungana naye; hauanzi safari yake wenyewe.

Schumacher aliomba saa isiyo na betri, itakayopima mzunguko baada ya mzunguko bila kukatika, na ule uliopita ubaki ukisomeka. Ombi hilo liliwachukua mafundi miaka mitano. Waliweka mishale miwili katikati, na kitufe cha tatu upande wa kushoto, penye namba 9. Gari likivuka mstari, kidole kinabonyeza mara moja: mshale mmoja unaganda, na katika pigo hilohilo mwingine unaondoka kutoka sifuri. Mzunguko ukiisha inabadilishana zamu. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi mmoja ukishuka mwingine uko juu, na kamwe haigongani.

Tarehe 29 Desemba 2013 Schumacher aliumia kichwa akiteleza kwenye theluji nchini Ufaransa. Saa aliyoiomba ilipotoka, yeye hakuwa akionekana tena hadharani. Hapo mishale ile inagusa moyo: ni haja ya dereva, iliyosemwa kwa mdomo wake, na inaendelea kutembea.

Makao ya kampuni hiyo ya Uswisi, Le Brassus katika bonde la Joux, yako zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Zamani theluji iliwafungia wakulima wa huko ndani kwa miezi, na mikono iliyokuwa imezoea ng'ombe ikajifunza kuchonga vyuma vidogo kuliko punje ya ulezi. Mtu wa Kilolo, anayeijua baridi ya Juni na Julai, haoni ugeni. Mama anayesuka kikapu cha milulu naye hushika unyasi mmoja mmoja, na akikosea safu moja hufumua arudie.

Na fundi saa wa Iringa mjini, mwenye kimeza chake barazani? Siku nyingi hubadilisha betri na mikanda. Ila ikiletwa Seiko 5 ya marehemu baba, ile inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono, mambo hubadilika. Huvaa lenzi jichoni, hufungua mfuniko wa nyuma, hushika kibano bila kupumua. Kiskurubu kikidondoka, kila aliye karibu huganda mguu ulipo mpaka kipatikane. Akishaigusa kamani na kulisafisha gurudumu linalocheza huku na huku, huirudisha saa sikioni na kusikiliza, kama dereva wa Kitonga anavyoisikiliza injini.

Afrika Mashariki ina madereva wake wa kuenziwa hivyo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na adhabu yake ilikuwa dakika: ukichelewa kituoni unahesabiwa. Joginder Singh aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945, aliyashinda mara 5. Ya kwanza, ya 1973, ndiyo ya kumpa fundi saa usiku wa kutolala. Yeye na Msweden Harry Källström, wote ndani ya Datsun, walimaliza vumbi na matope yote wakiwa wamelingana kabisa. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa, tangu walipoondoka, alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Saa ya Mehta ingehitaji basi mishale miwili inayoondoka pamoja na kusimama pamoja juu ya alama moja, na kando yake kimshale kidogo cha tatu, kilichobaki nyuma barabarani, kikionyesha ni nani kati yao alitangulia kuchelewa.