Tete Lisilo Tete

Jumamosi moja, kabla bendi haijapanda jukwaani katika ukumbi mmoja wa Temeke, nilimwangalia kijana akifungua sanduku la saksafoni. Alichomeka shingo, akachomeka kidomo, akapuliza. Basi. Hakulowesha kitu, hakuinua kitu kwenye taa akakitazama. Nilipomsogelea nikaona tete lake, kile kipande chembamba kinachotetema kwenye kidomo: la plastiki, lina weupe wa ukucha. "Hili, mzee wangu, lina mwezi wa nane," aliniambia kwa furaha, "na liko vilevile." Nikampongeza, na alistahili, maana usiku ule alipuliza vizuri. Lakini hayo maneno yake, liko vilevile, nilirudi nayo nyumbani.

Mimi nilikulia jirani na mpuliza domo la bata, yaani saksafoni. Jioni za siku za kazi aliketi barazani kwake na fulana na msuli, tete likiwa pembeni mwa mdomo kama mswaki wa mti. Alizungumza nalo, akatuitikia "marahaba" nalo limo humo humo. Likishalowa alilitoa na kulielekeza kwenye jua linalozama. Tete zuri likitazamwa hivyo huonyesha kivuli mfano wa ulimi, kizito chini, kikififia sawasawa pande zote mbili hadi nchani. Upande mmoja ukionekana na giza kuliko mwenzake, mzee alichukua wembe. Hakukata. Aliuburuza juu yake mara mbili, unga mwembamba ukamdondokea gotini, akalifunga kwenye kidomo, akapuliza noti moja ndefu. Akatikisa kichwa, akalifungua, akaburuza mara moja tena. Sisi watoto tulikatazwa kupita karibu, kwa sababu ncha ya tete ni nyembamba kama karatasi na kiwiko cha mtoto kingemaliza kazi ya wiki nzima.

Tete lililolegea kwa kuzeeka hakulitupa. Alichukua sarafu ambayo mviringo wake ulilingana na ncha, akaibana juu yake ukingo mdogo tu ukibaki nje, kisha akaupitisha ukingo huo kwenye moto wa kiberiti. Ukaungua hadi usawa wa sarafu, ukakoma hapo. Ncha iliyokuwa imechoka ikawa imara tena, na tete likapata maisha ya pili. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hata sabuni ilipangiwa foleni. Matete yalitoka ng'ambo, na aliyepata boksi moja lenye matete kumi alijiona tajiri. Hata katika hayo kumi, mzee alisema, matatu ndiyo ya kupandia jukwaani, manne ya mazoezi, yaliyobaki ni ya kumfundishia mtu kutumia wembe. Yale matatu aliyalaza juu ya kipande cha kioo, akayafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili yasijikunje, na kila siku alipuliza lake. Tete jipya alilizoesha kwa dakika chache tu kwa siku, kama unavyomzoesha ndama kamba.

Kiswahili kinatupa neno moja kwa mambo mawili. Tete ni mmea uotao kandokando ya maji, na tete ni hali ya kitu kinachoweza kuharibika wakati wowote. Sidhani kama yupo mpulizaji wa zamani aliyewahi kuzitenganisha maana hizo.

Tete la saksafoni hukatwa kwenye mmea ambao wataalamu huuita Arundo donax, na mashamba yake yenye sifa kuliko yote yako mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari ya Mediterania. Huachwa ukue kwa kama miaka miwili, hukatwa majira ya baridi, huanikwa juani mpaka uwe na rangi ya asali, kisha huwekwa ghalani upumzike. Mbelgiji Adolphe Sax alipopata hataza ya chombo chake jijini Paris mwaka 1846, alikiunda kwa shaba yote, lakini sauti akaikabidhi kwa kipande hicho cha mmea. Tangu siku hiyo shaba yote ile imekuwa ikisubiri ruhusa ya tete. Verckys Kiamuangana alipopuliza saksafoni katika bendi ya OK Jazz ya Franco, kabla hajaunda Orchestre Vévé mwaka 1969, kilichotetema mdomoni mwake kilikuwa mmea uliowahi kunywa mvua.

Tete la plastiki la sasa hutengenezwa mara nyingi kwa polipropilini, jamii ya plastiki inayofumiwa viroba vya mahindi. Halihitaji mate, halisumbuliwi na joto la Dar es Salaam, na ukilijumlishia miezi linayodumu ni nafuu. Nayakubali yote hayo. Anayepuliza harusi tatu kwa wikiendi moja simlaumu.

Lakini nimekaa mbele ya majukwaa ya bendi za Msondo na Sikinde nikiwa kijana, na najua nilichosikia. Tete la mmea halikuwa na sauti moja usiku kucha. Wimbo wa kwanza lilikuwa gumu, lina ukwaruzo kidogo, mpulizaji analibembeleza. Ufikapo wimbo wa nne lilikuwa limelegea na kufunguka. Kuelekea saa saba usiku lilikuwa limeshiba pumzi, sauti imekuwa nzito na yenye joto, na ndipo wachezaji walipoacha kuzungumza. Mpulizaji alilazimika kulifuata tete lake, kulisikiliza, kulipa linachotaka. La plastiki hukupa saa tatu kile kile litakachokupa saa tisa. Ni mtumishi mwaminifu mno, na mtu hajifunzi kusikiliza kwa mtumishi asiyemjibu.

Kinachoniumiza zaidi ni mikono. Kutazama kivuli cha tete, kujua upande upi una giza, kujua lini uweke wembe chini: hayo hayakuandikwa popote huku kwetu. Yalipita kutoka baraza hadi baraza. Bendi nyingi zimekwisha kuwaondoa wapulizaji na kukiachia kinanda kazi ya kuigiza sauti zao, na wachache waliobaki wanapewa chombo kisichowadai chochote. Mzee wangu alipofariki, kile kioo chenye ukanda wa tyubu kilitupwa pamoja na takataka za chumbani. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Mimi nilikuwa mbali, na nilipofika nilikuta sanduku la saksafoni tu.

Kwa hiyo nakuomba, kijana uliyeshika domo la bata: baki na la plastiki kwa siku za haraka, lakini nunua hata boksi moja la matete ya mmea. Tafuta kioo na wembe, kisha umtafute mzee mmoja aliyewahi kupuliza katika bendi za zamani, umwamkie, uketi naye barazani. Nenda mwaka huu. Wamebaki wachache, na wengi wao hawajaulizwa na mtu yeyote.