Mtu Asiye na Watu

Mwaka 1995 Bibi Jacqueline Harpman wa Ubelgiji alitoa riwaya ya Kifaransa juu ya wanawake arobaini waliofungwa kizimbani chini ya ardhi, pasipo kuambiwa kosa lao. Mdogo wao, binti asiye na jina, alihesabu saa kwa mapigo ya moyo wake. Walinzi walipokimbia na kuacha ufunguo mlangoni, wote walitoka. Lakini nje hawakuona mtu hai mwingine, na mwishowe binti alibaki peke yake.

Wengine hulaumu kwamba fumbo la kifungo halifumbuliwi. Mimi naona ndiyo nguvu yake. Wahenga walisema mtu ni watu. Je, asiye na watu si mtu? Binti alikaa na wenzake hata saa ya kufa, kisha akaandika habari zake asijue kama yuko atakayezisoma. Huo ndio utu. Nawe umsomapo, umekuwa mwenzake.