Jino Lililolowa na Gundi Inayojichubulia Njia

Vitu viwili humharibia kazi anayeziba jino: unyevu na haraka. Mate hayangoji ruhusa, na mgonjwa aliyekaa mdomo wazi dakika 20 huanza kumeza, kukohoa, kugeuza ulimi. Gundi zinazochubua jino zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya maudhi hayo mawili. Wauzaji huzisifia nguvu kwa hesabu za megapaskali. Mimi naona habari yenyewe iko kwenye maji: yaliyomo ndani ya jino, na yaliyomo ndani ya chupa.

Enameli, ganda la nje la jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Dentini iliyo chini yake ina madini kama asilimia 70, na kinachobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Tena imetobolewa vijia maelfu kwa maelfu vinavyotoka kwenye kiini, vyote vikivuja. Mwaka 1955 Michael Buonocore, wa Marekani, alipaka asidi ya fosforasi juu ya enameli, akaosha, akakausha, na plastiki ikashika. Fundi yeyote wa kupiga lipu angemwelewa: ukuta laini haushiki mpaka ukwaruzwe.

Kwenye dentini ujanja huo uligeuka mtihani. Asidi ya asilimia 37 ikikaa sekunde 15 huondoa madini kwa kina cha maikromita kadhaa na kuacha kolajeni tupu, iliyosimama kwa sababu tu imezungukwa na maji. Ukipuliza hewa kupita kiasi nyuzi zinalala, gundi haipenyi. Ukiacha maji mengi, gundi inazimuliwa. Wanafunzi hufundishwa waiache dentini na unyevunyevu, lakini unyevunyevu kiasi gani? Hapo ndipo mikono miwili huweza kutoa matokeo mawili kwa chupa ileile.

Wazo la kuruka hatua ya kuosha na kukausha lilikuwepo zamani. Oskar Hagger, mkemia aliyefanya kazi Uswisi, aliombea hataza mwaka 1949 molekuli yenye asidi upande mmoja na plastiki upande wa pili. Vijazio vya akriliki vya enzi hiyo vilinywea vibaya na kuachia kingo, na wazo likalala navyo.

Lilikuja kuamshwa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kuraray ilitengeneza molekuli inayoitwa 10-MDP. Kichwa chake ni fosfeti, yaani asidi. Kiwiliwili ni mnyororo wa kaboni 10 usiopenda maji. Mkiani kuna kifundo kinachoungana na plastiki ya kijazio taa ya bluu inapowashwa. Ikipakwa, haichimbi sana: makali yake ni pH ya karibu 2, na kina chake hakifiki hata maikromita moja. Inapenya takataka laini zilizoachwa na mashine ya kuchongea, inashika kalsiamu iliyobaki kwenye dentini, na kujenga chumvi isiyoyeyuka kirahisi, kwa vitabaka vyenye unene wa nanomita 4 hivi. Inapochubua ndipo inapojaza. Hakuna kuosha, kwa hiyo hakuna kubahatisha unyevu. Mwaka 1999 Clearfil SE Bond ilitoka na molekuli hiyo katika chupa mbili, na hadi leo watafiti huitumia kama kipimo cha kulinganishia gundi nyingine.

Kuipima ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Awali watafiti walibandika kidonge cha kompoziti, plastiki ya kijazio, kwenye jino lililong'olewa, wakakisukuma kutoka ubavuni mpaka kikabanduka. Gundi zilipoimarika, kipimo kikaanza kusema uongo: dentini yenyewe ilimeguka kabla ya gundi kuachia, na namba iliyoandikwa ikawa ya jino. Mwaka 1994 Hidehiko Sano na wenzake walileta njia ya kukata jino lililozibwa kuwa vipande vyembamba, kila kimoja kikiwa na muungano wa eneo la kama milimita 1 ya mraba, kisha kuvivuta ncha kwa ncha. Eneo likiwa dogo, nyufa za kubahatisha hupungua, na jino moja hutoa vipande vingi.

Hata hapo pana mlango wa kudanganyia. Vipande vingine hubanduka msumenoni, kabla havijavutwa. Kuna wanaoviandika sifuri na kuna wanaoviacha nje ya hesabu. Gundi dhaifu iliyohesabiwa kwa namna ya pili hupata wastani mzuri ajabu, maana wabovu wake wameshaondoka uwanjani. Mimi nikisoma ripoti ya gundi mpya, natafuta mstari huo kwanza.

Na nguvu ya saa 24 haitoshi. Vipande huachwa majini kwa nyuzijoto 37, vingine miezi sita, vingine mwaka, au huzamishwa maelfu ya mara kati ya maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55, kama mdomo unaokunywa maji baridi kisha chai. Hapo gundi za chupa moja za mwanzo ziliumbuka. Ili asidi, maji na plastiki vikae pamoja, ilibidi tabaka lake liwe la kupenda maji, na baada ya kukaushwa kwa taa liliendelea kupitisha majimaji ya dentini kama kitambaa. Katika gundi za chupa mbili, chupa ya pili, ambayo haina maji, ndiyo iliyofunika kasoro hiyo. Kwa gundi ya chupa mbili, watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliziba michubuko ya shingo za meno, mahali pasipo na tundu la kushikilia kijazio ila gundi peke yake. Baada ya miaka 13 vijazio zaidi ya tisa katika kila kumi vilikuwa bado vipo.

Sasa tuipeleke gundi hiyo Bugomora, kata iliyo Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba tu ni zaidi ya kilomita 1,300, kisha barabara inaendelea. Ndani ya chupa ya kwanza asidi na maji vinaishi pamoja, na asidi huitafuna polepole molekuli iliyoibeba. Joto huharakisha. Ndiyo maana chupa hiyo huagizwa ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Gundi iliyobuniwa ili isitegemee mkono wa daktari inaishia kutegemea friji, dereva wa basi na umeme wa kuchaji taa.

Tanzania ililijibu tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba bila mashine wala umeme. Njia hiyo, ART, ilikuja kutumia saruji ya glasi ionoma iliyotangazwa na Wilson na Kent mwaka 1972, ambayo asidi yake hafifu hushika kalsiamu ya jino moja kwa moja. Nayo ni ndugu wa gundi zetu, ila yeye husafiri kama unga na kioevu. Shirika la Afya Duniani liliinadi Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba katika meno ya utotoni, vijazio vya uso mmoja vilidumu miaka miwili kwa asilimia 93. Vya nyuso mbili na zaidi, asilimia 62.

Pengo hilo la 93 na 62 ndilo linaloamua. Tundu dogo la mtoto katikati ya gego, ningeziba kwa glasi ionoma bila kuumiza kichwa. Jino la mbele la mtu mzima lililovunjika kona, hapo nataka 10-MDP na kompoziti. Na kwa mgonjwa aliyekulia Arusha, kwenye maji yenye floridi nyingi, enameli ya kahawia hukataa asidi hafifu. Huyo apakwe ile kali ya Buonocore kwenye kingo za enameli tu, ioshwe, ndipo gundi ifuate kwenye dentini. Chupa irudi kwenye friji kabla mgonjwa hajashuka kitini.