Skima ya protini Kasulu: kikombe kitabaki kikavu

Tuseme uko Kasulu au Kibondo, una tangi la kioo la lita 200 sebuleni, na mtandaoni umeona kifaa kinaitwa skima ya protini. Boksi linasema kinatosha hadi lita 500, na bei imeshushwa. Kabla hujatuma hela, subiri kidogo.

Kifaa chenyewe si utapeli. Ni bomba la wima lililojaa viputo vidogo sana vya hewa. Ute wa samaki na mabaki ya chakula yana molekuli ambazo upande mmoja unapenda maji na mwingine unayakimbia, kwa hiyo zinajibanza kwenye ngozi ya kiputo, zinapanda nacho, na povu linamwagikia kwenye kikombe cha juu. Uchafu unatoka kabla haujaoza na kuwa amonia. Kwa mfugaji wa matumbawe, ni hela iliyotumika vizuri.

Ila matangazo yanapita haraka sana juu ya neno moja: chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita, na humo viputo haviungani upesi. Kwenye maji baridi vinaungana, vinanenepa, vinapasuka. Chukua chupa mbili za maji ya nusu lita, moja itie kijiko kikubwa cha chumvi, zitikise zote kwa nguvu. Ile ya chumvi itabaki na ukungu mweupe wa viputo kwa muda kidogo zaidi.

Sasa, utafuga nini? Samaki wa mapambo walio jirani nawe ni wa Ziwa Tanganyika, akina Tropheus, ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa bei kubwa. Lita moja ya ziwa lile haina hata gramu moja ya chumvi. Skima itanguruma usiku kucha, kikombe kikavu. Na pH ya ziwa inakaribia 9: kwa nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia yote hapo iko katika umbo linaloua samaki. Kwenye pH 7 haifiki asilimia moja. Yaani kifaa kimekudanganya mahali pabaya kabisa.

Najua kuna atakayesema, "Si tuna chumvi ya Uvinza?" Tunayo, na kwenye mboga haina mpinzani. Lakini bahari ina pia magnesi, kalsi na mengineyo kwa vipimo vyake, na Tropheus hataki bahari hata kidogo.

Mimi ningenunua chujio la sponji na pampu ya hewa, basi. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ndio wanaogeuza amonia. Ioshe kwa maji ya tangi lenyewe; klorini ya bomba itawaua.

Na kama kweli umeamua matumbawe, achana na ile "lita 500", maana haisemi kuna samaki wangapi ndani wala wanalishwa kiasi gani. Muulize muuzaji pampu inakula wati ngapi, na ikifa, utaipata peke yake au itabidi ununue skima nzima upya.